Dennis Brain: Fundi wa Baragumu Aliyefia Barabarani

Alfajiri ya Septemba 1, 1957, motokaa ndogo aina ya Triumph iliacha njia karibu na mji wa Hatfield, kaskazini ya London, ikagonga mti. Dereva, Bw. Dennis Brain, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 36 tu, na wapenzi wengi wa muziki wa Ulaya walikuwa wamekwisha kukubali kwamba hakuna aliyempita kwa kupuliza baragumu.

Baragumu hili si la pembe ya ng'ombe, ingawa asili yake ni ala ya wawindaji. Ni bomba la shaba lililoviringishwa. Lile la kawaida likinyooshwa hupita mita tatu na nusu. Katika sauti za juu noti zake zimekaribiana mno, hata midomo ikilegea kidogo tu hutoka noti ya jirani, au mkoromo wa aibu mbele ya umati. Wapulizaji hodari hupanda jukwaani na roho mkononi.

Kwa akina Brain hiyo ilikuwa kazi ya ukoo. Babu yake Dennis aliifanya, baba yake mkubwa Alfred akaenda nayo Marekani, na baba yake mzazi, Aubrey, alikuwa stadi wa kutajika London. Mnamo 1933 Aubrey alirekodi tungo ya Brahms ya baragumu, fidla na piano pamoja na Adolf Busch na Rudolf Serkin. Mzee huyo aliamini kwamba mtoto asijifunze baragumu kwa dhati kabla meno na midomo havijakomaa. Basi kijana akangoja, akijishughulisha na piano na kinanda cha kanisani, hata alipofikia umri wa kufundishwa na babaye katika chuo cha Royal Academy of Music.

Vita vilipozuka mwaka 1939 alijiunga na bendi ya jeshi la anga la Uingereza. Huko mtunzi Benjamin Britten alimsikia, na mwaka 1943 akamtungia Serenade, ambamo baragumu hujibizana na mwimbaji. Baada ya vita Brain akawa nguzo ya okestra ya Philharmonia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliiacha ala nyembamba ya Kifaransa, ya aina aliyoirithi kwa baba yake, akachukua ya Kijerumani iliyo pana na isiyosaliti upesi. Wako walionung'unika kwamba ule utamu wa zamani umepotea, nao hawakuwa wakibabaisha. Lakini Novemba 1953 Brain aliingia Kingsway Hall, London, akarekodi koncheto zote nne za baragumu za Mozart, Herbert von Karajan akiiongoza Philharmonia. Katika sahani hiyo ya santuri baragumu linaimba kama mtu, pumzi ndefu bila kishindo, na pale penye mchezo wa wawindaji linacheka. Aliyemzoea Brain katika sahani hiyo huwaonea huruma wapulizaji wengine.

Husimuliwa kwamba Karajan alichungulia kwenye kinara cha karatasi za muziki, akakuta gazeti la motokaa. Muziki wenyewe Brain alikuwa nao moyoni.

Alipenda pia muziki wa wapigaji wachache, usio na kiongozi wa kushika kijiti, ambamo kila mmoja humsikiliza mwenziwe. Mwaka 1955 yeye na wenzake watatu wa ala za kupuliza walirekodi tungo ya Mozart ya watu watano, Walter Gieseking akiwa kwenye piano. Tena hakuwa mtu wa majivuno: mwaka 1956, katika tamasha la vichekesho mjini London, alipuliza koncheto kwa mpira wa kumwagilia maji bustanini!

Ni motokaa zilizomponza. Usiku wa Agosti 31, 1957 alipiga na okestra yake kwenye tamasha la Edinburgh, kisha akashika usukani kurudi London, safari ya zaidi ya kilomita 600, usiku kucha. Aliacha mjane na watoto wawili. Mfaransa Francis Poulenc alimtungia ombolezo la baragumu na piano. Ala yake, iliyopondeka katika ajali ile, ilinyooshwa na mafundi ikawekwa katika makumbusho ya chuo kile kile alichofundishwa na baba yake.