Bwana Holmes na Swichi ya Taa

Watu wengi hapa Isevya huingia nyumbani jioni, wakapeleka mkono ukutani, na taa ikawaka. Ni wachache wanaojua jina la mtu aliyeifanya kazi hiyo iwe salama. Mtu huyo ni John Henry Holmes, ambaye mafundi wa umeme wanamkumbuka hata leo.

Bwana Holmes alizaliwa mwaka 1857 huko Uingereza, akawa mhandisi wa umeme katika mji wa Newcastle. Katika mji huo huo Joseph Swan aliwaonyesha watu taa yake ya umeme mwaka 1879. Taa zilianza kuenea, lakini swichi za siku zile zilikuwa na ubaya mkubwa: ziliungua upesi, na ziliweza kuleta moto.

Sababu yake ni hii. Njia ya umeme ni kama njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipoifunga njia hiyo, misafara haikuweza kupita. Swichi nayo hufunga njia ya umeme. Lakini vipande viwili vya chuma vilivyomo ndani yake vikiachana polepole, umeme huruka katika nafasi ile ndogo na kufanya mwali mkali unaokula chuma. Umeme wa siku zile ulikwenda upande mmoja tu bila kupumzika, kwa hiyo mwali haukuzimika kwa urahisi. Umeme wa nyumba zetu hugeuka-geuka, ukafika sifuri mara 100 kila sekunde, na mwali hupata nafasi ya kufa.

Mwaka 1884 Bwana Holmes alipata dawa yake, nayo ni springi. Hata mtu akisukuma swichi kwa uvivu, springi hukusanya nguvu, kisha hufyatuka kama mtego wa panya, na vipande vikaachana kabla mwali haujakua. Watu husema haraka haraka haina baraka, lakini hapa haraka ndiyo iliyookoa nyumba. Bwana Holmes alifariki mwaka 1935, na swichi nyingi za ukutani bado hufuata njia yake.

Siku hizi ziko swichi zinazoamriwa kwa simu. Nyingi zina vipande viwili vile vile ndani, ila huvutwa na sumaku ndogo ya umeme. Zikigoma, tusikisie, bali tufuate njia hatua kwa hatua. Kwanza, tazama kama nyumba ina umeme. Pili, bonyeza swichi kwa mkono: ikiutii mkono na kuikataa simu, huenda ubovu uko katika intaneti ya nyumba, si katika waya. Tatu, ikilia tik na taa isiwake, zima swichi kuu, kisha ujaribu balbu nyingine. Taa ikikataa bado, huenda vipande vya ndani vimeungua. Ukisikia harufu ya kuungua, au swichi ikiwa ya moto, zima swichi kuu mara moja, umwite fundi, usiifungue mwenyewe.

Wanafunzi wenzangu, Bwana Holmes hakuvumbua taa wala umeme. Alishughulikia kitu kidogo kilichokuwa kikiharibika, na kwa kitu hicho nyumba nyingi zimepona.