Menelik wa Pili: Mfalme aliyenunua bunduki kwa adui yake

MNAMO Machi 1, 1896, karibu na mji wa Adwa kaskazini mwa Ethiopia, jeshi la Italia lenye wanajeshi zaidi ya 17,000 lilivunjwa na kutawanywa kabla ya jua kutua. Ushujaa wa Wahabeshi haukuwa habari mpya huko Ulaya. Kilichowashtua wakuu wa Ulaya ni silaha zao: makumi ya maelfu ya bunduki za kisasa, na mizinga ya Kifaransa iliyofyatua kwa kasi. Sehemu ya bunduki hizo ilikuwa imetoka Italia kwenyewe.

Mtu aliyezikusanya ni Mfalme Menelik wa Pili, na kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka 20.

Alizaliwa Agosti 17, 1844 huko Angolala, katika ufalme wa Shewa, akaitwa Sahle Maryam. Alipokuwa na umri wa miaka 11, Mfalme Tewodros wa Pili aliivamia Shewa ili kuirejesha chini ya dola moja ya Ethiopia. Baba wa mtoto huyo, Haile Melekot, alifariki kwa maradhi vita vikiendelea, naye mrithi akachukuliwa mateka hadi ngome ya mlimani ya Magdala.

Alikaa huko miaka 10. Tewodros hakumtesa, alimlea katika makao yake na hata akamwoza bintiye. Tewodros huyo ndiye aliyetaka Ethiopia ijitengenezee mizinga yake yenyewe, akawalazimisha wamishonari mafundi wa Kizungu kuisubu shaba kule Gafat. Mwaka wa 1865 kijana alitoroka usiku, akapata hifadhi kwa Malkia Workitu wa Waoromo wa Wollo. Ukarimu huo ulimgharimu malkia mwanawe, ambaye alikuwa mikononi mwa Tewodros na aliuawa kwa hasira.

Miaka mitatu baadaye, jeshi la Waingereza lilipanda Magdala, na Tewodros akajiua. Mzinga wake mkubwa, ulioburutwa milimani na mamia ya watu, haukumwokoa. Menelik, wakati huo akiwa mfalme wa Shewa, alifuata njia nyingine: hakusubu bunduki, alinunua.

Jambo hilo halikuwa rahisi. Shewa haikuwa na bandari, na kila risasi ililazimika kusafirishwa kwa ngamia kutoka pwani ya Tajura na Assab kupitia jangwa la Waafar, safari ya wiki nyingi ambapo wafanyabiashara wengine walifia njiani. Malipo yalikuwa pembe za ndovu, dhahabu, kahawa na zabadi. Watumwa nao walipitishwa katika njia hizo hizo, wakielekea baharini.

Miongoni mwa wachuuzi hao alikuwemo Arthur Rimbaud, Mfaransa aliyekuwa ameacha ushairi na kugeukia biashara. Alifika Shewa mapema mwaka wa 1887 akiwa na bunduki zipatazo 2,000, nyingi zikiwa magobole yaliyokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Menelik aliyajua mali mazuri na mabovu. Alikata bei, akayakata na madeni ya mshirika wa Rimbaud aliyekuwa amefariki, na Mfaransa huyo akaondoka akilalamika kwamba amepata hasara.

Kadhalika, mfalme alimwajiri Alfred Ilg, mhandisi kijana kutoka Uswisi aliyewasili mwaka wa 1879. Ilg alijenga madaraja, akawa mshauri wa mambo ya nje, na pamoja na Mfaransa Léon Chefneux akapewa mwaka wa 1894 kibali cha kujenga reli kutoka Djibouti.

Lakini mteja huyo alipata faida kubwa zaidi kutokana na wivu wa mataifa ya Ulaya wenyewe kwa wenyewe. Wafaransa walitaka kuwazuia Waingereza, nao Waitalia walitaka kuwatangulia wote. Mwaka wa 1887, Italia ilimwahidi Menelik bunduki 5,000 ili asimsaidie bwana wake, Mfalme Yohannes wa Nne, aliyekuwa akipambana nayo kaskazini. Menelik alikubali, huku akimwonyesha Yohannes utiifu wa nje. Ni ukurasa ambao wapenzi wake huupita haraka.

Yohannes aliuawa Machi 1889 akipigana na wafuasi wa Mahdi wa Sudan huko Metemma. Menelik akashika dola yote, na Mei 2 mwaka huo akatia saini Mkataba wa Wuchale na Italia. Binamu yake, Ras Makonnen, alitumwa Roma, akarudi na mkopo wa lira milioni nne, na sehemu kubwa ya fedha hizo iligeuzwa silaha.

Mkataba huo ulikuwa na mtego. Katika nakala ya Kiamhari, kifungu cha 17 kilimruhusu mfalme kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano na nchi nyingine akipenda. Katika nakala ya Kiitaliano, alilazimika kufanya hivyo, na Roma ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik alilalamika kwa barua, akaendelea kupokea silaha, na mwaka wa 1893 akaufuta mkataba.

Miaka hiyo hiyo nchi yake ilikuwa ikiteketea kwa njaa. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia na ng'ombe walioletwa na Waitalia katika bandari ya Massawa, uliangamiza takriban mifugo yote, na bila maksai hakukuwa na kilimo. Kati ya 1888 na 1892 inakadiriwa kwamba theluthi moja ya watu walikufa. Menelik alishika jembe kwa mikono yake ili kuwatoa aibu waliodharau kazi hiyo. Mwaka wa 1892 akaamuru zaka itozwe kwa ajili ya jeshi, ili wanajeshi wasiendelee kuwekwa katika nyumba za wakulima na kula akiba zao. Kwa mkulima wa nyanda za juu, huenda agizo hilo lilikuwa na uzito kuliko bunduki zote.

Septemba 1895 mbiu ya vita ilipigwa. Jeshi la watu wapatao 100,000 lilielekea kaskazini, likawashinda Waitalia Amba Alagi mwezi wa Desemba na kuizingira ngome ya Mekelle, ambako Malkia Taytu aliamuru chemchemi ya maji ishikwe hadi walinzi wakasalimu amri.

Kufikia mwisho wa Februari, chakula kilikuwa karibu kuliishia jeshi la Menelik. Jenerali Oreste Baratieri angesubiri siku chache tu, huenda Wahabeshi wangetawanyika wenyewe. Hata hivyo, Waziri Mkuu Francesco Crispi alitaka ushindi wa haraka, na brigedi za Italia zikatumwa usiku milimani zikiongozwa na ramani yenye makosa. Moja ilijitenga na nyingine, zikapigwa kila moja peke yake. Majenerali Arimondi na Dabormida waliuawa, Albertone akatekwa, na Crispi akapoteza madaraka.

Mamia ya askari wa Eritrea waliotekwa wakiipigania Italia walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Wafungwa Wazungu walitunzwa hadi waliporudishwa kwao. Tofauti hiyo haikusahaulika Eritrea, ambayo Menelik aliiacha mikononi mwa Italia katika mkataba wa amani wa Oktoba 26, 1896.

Lakini bunduki za Menelik hazikuelekezwa kaskazini pekee. Zilikuwa zimetwaa Harar mwaka wa 1887, na mwaka wa 1894 zikaivunja Wolayta katika vita vilivyoua maelfu. Mwaka wa 1897 ikaja zamu ya Kaffa, ambayo mfalme wake, Gaki Sherocho, aliongozwa utumwani akiwa amefungwa minyororo. Wanajeshi waliobaki kusini waligawiwa wakulima wa kuwatumikia na kuwalisha. Wenyeji waliwaita neftenya, yaani mwenye bunduki, na jina hilo lingali ni tusi katika siasa za Ethiopia.

Kenya nayo iliguswa. Katika waraka wa mwaka wa 1891 kwa watawala wa Ulaya, Menelik alidai kwamba mipaka ya kale ya nchi yake ilifika Khartoum na Ziwa Nyanza. Mwaka wa 1897 majeshi yake yakiongozwa na Habte Giyorgis yaliingia nchi ya Waborana, na baadhi ya wafugaji wakahamia kusini. Nyuma yao walikuja wawindaji wa ndovu wenye silaha, na ndipo Waingereza, ambao hadi wakati huo hawakuijali sana nyika ya kaskazini, walipomtuma Mgiriki Philip Zaphiro kuulinda mpaka kutoka kituo cha Moyale.

Mkataba wa Desemba 6, 1907 uliigawa nchi ya Waborana sehemu mbili. Uliwaachia wafugaji haki ya kuvuka kufuata malisho ya upande wa pili, lakini walioulizwa kuhusu mstari huo walikuwa Addis Ababa na London, si wao.

Mwaka huo huo Menelik aliunda baraza la kwanza la mawaziri. Wizara ya vita alimpa Habte Giyorgis, ambaye mwenyewe alikuwa ametekwa vitani akiwa mtoto na kupanda vyeo katika jeshi la waliomteka. Benki ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1905, na shule ya kisasa ikafuata 1908. Kiwanda cha silaha cha kuitosheleza nchi hakikuwahi kujengwa.

Kiharusi kilimnyang'anya mfalme nguvu na hatimaye kauli. Alifariki Desemba 12, 1913, na kifo chake kikafichwa kwa muda kwa kuhofia ghasia za urithi. Italia iliporudi Oktoba 1935 ikiwa na ndege na gesi ya sumu, Adwa ilitwaliwa ndani ya siku chache, na wengi wa waliojaribu kuitetea nchi walikuwa na bunduki za enzi za Menelik.

Waitalia waliing'oa sanamu yake jijini Addis Ababa mwaka wa 1936, ikasimamishwa tena baada ya wao kufukuzwa mwaka wa 1941. Mwaka wa 2020, vijana wa Kioromo wenye hasira waliiangusha sanamu ya Ras Makonnen mjini Harar, huku wengine wakitaka ile ya Menelik nayo iondolewe. Februari 2024, serikali ilifungua jumba kubwa la kumbukumbu ya ushindi wa Adwa, hatua chache kutoka mahali anaposimama juu ya farasi wake.