Monica Wilson: mtafiti aliyekaa Rungwe kusikiliza watu

Vijiji vingi vya Mbeya na Iringa vimezoea mgeni wa aina moja. Ni kijana mwenye barua ya utambulisho. Anapita kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kisha anakuja kukaa nawe uani na kuuliza: unamwamini kiongozi gani, habari unazipata wapi, kwa nini unakipenda chama hiki na kukikataa kile. Mara nyingi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe Daktari ingawa hatibu mgonjwa. Anachotafuta ni namna raia anavyofikia msimamo wake wa kisiasa.

Swali hilo si geni katika Nyanda za Juu Kusini. Leo tunasimulia maisha ya Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Rungwe miaka ya 1930 na kuandika juu ya Wanyakyusa vitabu vinavyosomwa vyuoni mpaka sasa. Tunamsimulia kwa sababu mbili. Kwanza, aliyoyakuta Rungwe yanatusaidia kuelewa maoni yetu yanatoka wapi. Pili, kazi yake inatuachia swali ambalo kila anayehojiwa ana haki ya kuliuliza: maneno yangu yakishaandikwa, yanakwenda wapi?

Binti wa wamisionari

Monica Hunter alizaliwa Januari 1908 Lovedale, kwenye kituo cha misheni mashariki mwa Rasi, Afrika Kusini. Wazazi wake walikuwa wamisionari wenye asili ya Uskochi. Alikua akizungumza Kixhosa, na lugha hiyo ikamfungulia milango mingi baadaye.

Mwaka 1927 alikwenda Uingereza kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Alianza na historia, kisha akahamia anthropolojia, yaani elimu inayochunguza maisha, mila na mahusiano ya watu. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu aliufanya kwao, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1931. Alitaka kujua watu walioshindwa vita na kutawaliwa wanauonaje utawala huo, na maisha yao yamebadilika vipi.

Njia aliyotumia inafaa kukumbukwa. Hakuchukua mahali pamoja tu. Aliwachunguza Wapondo waliobaki vijijini na mifugo yao, Waafrika waliohamia mitaa ya mijini kama East London, na waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya Wazungu. Alipowalinganisha aliona kwamba mtazamo wa mtu unategemea sana mahali anapoishi, anayemlipa na anaokaa nao. Alipata shahada hiyo mwaka 1934, na mwaka 1936 kikatoka kitabu chake cha kwanza, Reaction to Conquest.

Kufika Rungwe

Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza ambaye naye alikuwa mtafiti. Godfrey alikuwa ameshaanza kazi miongoni mwa Wanyakyusa mwaka 1934, na Monica akaungana naye. Waliifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1938.

Rungwe ya wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na makao ya serikali ya wilaya yalikuwa Tukuyu. Tangu katikati ya miaka ya 1920 Gavana Donald Cameron alikuwa ameweka utaratibu wa kutawala kwa kupitia machifu. Wamoravian na Walutheri wa Berlin walikuwepo tangu mwaka 1891. Kahawa ilikuwa inapandwa, na vijana walikuwa wakienda kutafuta fedha kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya.

Wale wawili waligawana kazi. Godfrey alikaa zaidi na wanaume, akihudhuria misiba na mashauri. Monica alikaa zaidi na wanawake na Wakristo. Hawakutegemea orodha ya maswali peke yake. Walikaa muda mrefu, wakajifunza Kinyakyusa, wakasikiliza watu wakizungumza wao kwa wao. Tofauti ni kubwa. Mtu akiulizwa ghafla na mgeni, hasa mgeni anayefanana na watawala, hutoa jibu la kumridhisha au la kumwondoa. Anapozungumza na jirani yake msibani, anasema lililo moyoni.

Kijiji cha rika moja

Jambo lililowashangaza zaidi lilikuwa vijiji vya rika. Sehemu nyingi za dunia, ndugu hukaa pamoja. Kwa Wanyakyusa wa zamani waliokaa pamoja ni wanaume wa umri mmoja. Mvulana alipofika kama miaka kumi au kumi na moja, aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kundi zima kutoka nyumba moja hadi nyingine. Baadaye walioa na kuleta wake zao hapo hapo, na kikundi cha watoto kikawa kijiji kamili.

Baba zao walipofika umri wa kuachia uongozi, ilifanyika sherehe kubwa ya kukabidhi nchi kwa kizazi kipya, iliyoitwa ubusoka. Watoto wa chifu walitambuliwa kuwa machifu wapya, na kila kijiji kikapata kiongozi wake. Viongozi hao wa vijiji, mafumu, hawakutoka katika ukoo wa chifu. Walikuwa watu wa kawaida, na kazi yao mojawapo ilikuwa kumwambia chifu yale ambayo watu wanayasema.

Hapa ndipo Monica alipopata fundisho lake kubwa. Wanyakyusa walithamini sana kitu walichokiita ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kwa adabu. Waliamini kwamba mtu hupata akili kwa kujadiliana na wenzake wa rika moja. Kwa mzazi alijifunza heshima na utii. Kubishana, kupima hoja, kuamua nani amekosea katika kesi fulani, hayo aliyapata kwa rafiki zake. Kitabu alichokiandika juu ya vijiji hivyo, kilichotoka mwaka 1951, alikiita Good Company, yaani ushirika mwema.

Pumzi ya watu

Fundisho la pili linahusu nguvu ya maoni ya wengi. Wanyakyusa walizungumzia kitu ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita pumzi ya watu. Mtu akivunja maadili, kwa mfano akimdharau mzazi au kukataa kutimiza wajibu wake, majirani hunung'unika. Iliaminika kwamba manung'uniko hayo yanamwangukia kama baridi, na yeye au watoto wake huugua. Dawa ilikuwa kukiri kosa, kuandaa karamu na kupatana. Hata chifu hakuwa juu ya pumzi hiyo.

Wapo wanaoyaona hayo kuwa imani za kale tu. Monica aliyachukulia pia kama namna ya kutawala. Palipokuwa hakuna kura wala gazeti, minong'ono ya majirani ilimzuia mwenye nguvu asivuke mpaka. Ilikuwa na upande wake mbaya vilevile, kwa kuwa aliyetofautiana na wenzake aliweza kuogopwa na hata kutuhumiwa uchawi. Ushirika mwema ulilea maoni ya watu, na uliweza pia kuyabana.

Monica alirudi Rungwe mwaka 1955 na kukuta vijiji vya rika vinatoweka. Sababu mojawapo ilikuwa ardhi. Aliyepanda kahawa hakutaka kuhama na kuliacha shamba lake, na ardhi yenyewe ilikuwa imepungua.

Utafiti wa nani?

Wakati huo huo, Iringa, utafiti ulifanywa kwa njia nyingine. Gordon Brown, mtaalamu wa anthropolojia, na Bruce Hutt, ofisa wa utawala, walishirikiana kuchunguza maisha ya Wahehe. Ofisa aliuliza maswali aliyoyahitaji katika kazi ya kutawala, na mtaalamu akatafuta majibu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1935. Watu wa Iringa walikuwa wanaelezwa ili watawalike vizuri zaidi.

Kina Wilson walitaka uhuru zaidi, lakini uhuru huo ulikuwa na bei. Mwaka 1938 Godfrey alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Alichunguza maisha ya wafanyakazi wa migodi wa Broken Hill, mji unaoitwa sasa Kabwe. Wakubwa wa migodi hawakupenda ukaribu wake na Waafrika, wakamzuia kuendelea, naye akajiuzulu mwaka 1941. Alifariki dunia mwaka 1944, akamwacha Monica na watoto wawili wadogo.

Kuna jina jingine ambalo ni haki kulitaja: Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani na mkalimani wao. Watu kama yeye walifungua njia, walitafsiri, waliandika simulizi na kueleza maana ya mambo. Vitabu vilibeba jina la Wilson. Mchango wa wasaidizi ulikuja kupewa uzito unaostahili miongo mingi baadaye. Na vitabu vyenyewe viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa waliohojiwa hawakuisoma.

Mwalimu wa Afrika Kusini

Baada ya kufiwa, Monica alifundisha Fort Hare, kisha Chuo cha Rhodes, na kuanzia mwaka 1952 mpaka 1973 alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko aliuliza tena lile swali la Rungwe: nani anakaa na nani? Pamoja na mwanafunzi wake Archie Mafeje alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya Langa, mtaa wa Waafrika mjini Cape Town. Mafeje ndiye aliyefanya kazi ya kukaa na watu mtaani.

Mwaka 1968 chuo hicho kilimpa Mafeje kazi ya kufundisha, kisha kikaiondoa kwa shinikizo la serikali ya kibaguzi. Wanafunzi waliandamana bila mafanikio. Tanzania ikampokea, akaongoza idara ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1969 hadi 1971. Baadaye akawa miongoni mwa wakosoaji wakali wa namna anthropolojia ilivyoihudumia serikali ya kikoloni.

Monica alistaafu akaishi Hogsback, karibu na alikozaliwa. Kitabu chake cha mwisho juu ya Wanyakyusa, For Men and Elders, kilitoka mwaka 1977. Alifariki Oktoba 1982.

Mtafiti akija kwako leo

Leo utafiti wa maoni umebadilika sura. Tangu mwaka 2001 Watanzania wamekuwa wakihojiwa katika Afrobarometer, uchunguzi unaofanyika katika nchi nyingi za Afrika kwa maswali yanayolingana. Wanafunzi wa uzamivu nao huja na maswali kwenye simu au kishikwambi. Takwimu hizo zinaonyesha wangapi wanafikiri nini. Mambo ya vijiweni, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, makanisani, misikitini na kwenye makundi ya simu bado yanahitaji mtu wa kukaa na kusikiliza, kwa sababu huko ndiko maoni hulelewa.

Kwako wewe msikilizaji wetu, tunapendekeza haya. Mwombe mtafiti barua yake, na uliza ametoka chuo gani na nani anagharamia kazi. Uliza jina lako litaandikwa wapi na nani atayaona majibu. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati. Kama kiongozi amekaa karibu nanyi na unashindwa kusema wazi, omba mzungumze peke yenu. Mwisho, muulize matokeo yatarudi lini kijijini, na kwa lugha gani. Watu wa Rungwe wa miaka ya 1930 hawakupewa nafasi ya kuuliza hilo.