Worthington: Aliyelipima Ziwa Turkana Kabla ya Hifadhi

EDGAR Barton Worthington, Mwingereza mzaliwa wa 1905, alilifikia Ziwa Turkana, likiitwa Rudolf, pamoja na msafara wa Cambridge wa 1930 na 1931. Mwanajiolojia wao alikuwa Vivian Fuchs, yule aliyekuja kuvuka Antaktika. Worthington alishughulika na samaki: akavua, akapima, akaandika. Mwaka 1932 alimpa jina la kisayansi, Lates longispinis, sangara mdogo asiyepatikana kwingine duniani.

Kazi hiyo kavu ndiyo iliyodumu. Hifadhi ya Sibiloi ilianzishwa 1973. Mbuga za ziwa hilo zikaingia katika Urithi wa Dunia 1997, na mwaka 2018 zikaorodheshwa miongoni mwa zilizo hatarini, baada ya Ethiopia kujenga bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo, unaolijaza ziwa kwa sehemu kubwa. Atakaye kujua kama ulinzi umewafaa samaki, au bwawa limewapunguza, hana budi kuwa na hesabu ya awali. Kwa wavuvi wa Kalokol, kaskazini-mashariki mwa Lodwar, hilo si suala la vitabuni; ni la sufuria.

Worthington, aliyekuwa mkurugenzi wa kisayansi wa Programu ya Kimataifa ya Biolojia kati ya 1964 na 1974, alifariki dunia mwaka 2001.