Maisha ya Dk. John Kirk na Somo la Mapigo ya Moyo

Katika somo la Sayansi kuhusu moyo na upumuaji, walimu wengi huanza kwa kuandika ubaoni majina ya sehemu za ubongo, na wanafunzi huyanakili bila kuyahusisha na vifua vyao wenyewe. Maisha ya Dk. John Kirk yaweza kumpa mwalimu wa Handeni au Korogwe mlango mwingine wa kuingilia.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh, na mwaka 1858 akawa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi. Kando ya mto Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi, wawindaji walipaka mishale yao sumu ya mmea uitwao kombe. Kirk alitaka kuujua. Wenyeji, ambao hawakuwa na sababu ya kumfunulia mgeni siri ya silaha zao, walimpa mimea isiyo yenyewe. Siku moja, katika kijiji cha Chibisa, aliparamia mti ili achume matunda ya mmea uliojiviringisha juu yake. Waliokuwa chini walimwonya asije akadhurika; ndipo alipotambua kuwa ameupata.

Sumu kidogo aliiweka mfukoni pamoja na mswaki wake. Asubuhi moja, alipopiga mswaki, alionja uchungu, na alipojipima mapigo ya moyo akayakuta yamepungua. Mtu mwingine angesukutua kinywa na kusahau, Kirk alihesabu. Baadaye Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh aliuchunguza mmea huo, na ikapatikana dawa ya moyo iitwayo strofanthini. Isemwe wazi kwamba walioijua kwanza nguvu ya kombe ni wawindaji wa Shire, ingawa majina yao hayakuandikwa.

Sumu hiyo huingia katika msuli wa moyo wenyewe, na pia huchochea mshipa wa fahamu uitwao vagasi, utokao chini ya ubongo, upande wa kisogo, hadi moyoni. Moyo una mdundo wake. Ukiachwa bila mishipa ya fahamu ungepiga mara 100 hivi kwa dakika. Vagasi ni hatamu: mtu mzima anapopumzika huushusha hadi mara 70 hivi. Mishipa mingine ni mjeledi, huuharakisha tukikimbia au tukiogopa. Mapafu, kinyume chake, hayana mdundo wao. Kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo, hungoja amri kutoka sehemu ile ile ya chini ya ubongo, iitwayo medula. Kaboni dayoksaidi ikizidi katika damu, amri huongezeka. Ndiyo sababu mtoto hawezi kuzuia pumzi kwa muda mrefu, hata akishindana na wenzake.

Basi darasa lianze kwa kuhesabu, na majina yafuate. Wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja amshike mwenzake kifundo cha mkono kwa vidole viwili (si kidole gumba, kwani kina mapigo yake), ahesabu kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Wakimbie uwanjani, wahesabu tena. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asikimbie. Awe mwandishi wa hesabu. Wala mtoto asitumwe kuleta msunguti kutoka porini ili uonyeshwe darasani: sumu yake ni ya jamii moja na ya kombe, na huua.

Kirk alifika Unguja mwaka 1866, akapanda hadi kuwa balozi wa Uingereza. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Jambo hilo liliigusa pia Pangani, ambako mto upitao Korogwe huingia baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kwa miaka mingi, na ujumbe wa Kirk uliandaa pia njia ya utawala wa kigeni.

Alifariki Uingereza mwezi Januari, 1922. Mwaka mmoja tu kabla, 1921, Otto Loewi wa Graz, nchini Austria, alikuwa ameonyesha kwa mioyo ya vyura kwamba vagasi hupunguza mapigo kwa kutoa kemikali katika moyo.