Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyeiachia Afrika Wimbo

Katika viwanja vya shule nchini Tanzania, wanafunzi hujipanga mstarini mbele ya bendera na kuimba Wimbo wa Taifa. Wimbo huohuo husikika bungeni, katika magwaride ya sherehe za kitaifa na uwanjani kabla timu ya Taifa haijaanza mchezo. Wanaouimba wanaujua kwa moyo tangu utotoni. Ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na kijana wa miaka 24, Enoch Mankayi Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni nje kidogo ya Johannesburg, aliyekuwa akitunga nyimbo kwa ajili ya wanafunzi na kwaya yake.

Sontonga alizaliwa takriban mwaka 1873 huko Uitenhage, mji ambao sasa unaitwa Kariega, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa wa ukoo wa Mpinga. Alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari wa Uskochi na kujipatia sifa kubwa kusini mwa Afrika kwa kuwaandaa walimu, wachungaji na waandishi wa Kiafrika. Baada ya mafunzo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti iliyokuwa Nancefield, kusini magharibi mwa Johannesburg.

Mji aliofikia ulikuwa bado mchanga. Dhahabu iligunduliwa katika eneo la Witwatersrand mwaka 1886, na katika kipindi cha miaka kumi tu palipokuwa nyika palikuwa pamejaa migodi, maduka na makambi ya vibarua. Wanaume waliacha familia zao vijijini na kwenda kuchimba mawe chini ya ardhi, wakiishi chini ya sheria za pasi zilizowabana kila walipokwenda. Walizungumza lugha mbalimbali na wengi wao hawakuwa na ndugu mjini. Kwa watu wa namna hiyo, kanisa, shule na kwaya vilikuwa mahali pa kujenga upya ujirani walioupoteza.

Katika mazingira hayo, Sontonga alifanya kazi zaidi ya moja. Alikuwa mwalimu wa darasani, mwongozaji wa kwaya, mtunzi, mhubiri na mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji mashuhuri wa Kanisa la African Methodist Episcopal, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Hata hivyo, kwaya ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali.

Kuongoza kwaya ya jamii katika zama hizo kulihitaji uvumilivu kuliko vifaa. Shule nyingi za misheni hazikuwa na vitabu vya nyimbo vya kumtosha kila mwimbaji. Chombo kilichowasaidia walimu ni mfumo wa nota wa tonik solfa, ulioenezwa kutoka Uingereza katika karne ya 19, ambao badala ya mistari na vichwa vya nota hutumia herufi za kwanza za do, re, mi na nyinginezo. Kwa mfumo huo, ubao na chaki vilitosha kuwafundisha watu wengi kwa pamoja. Mwalimu hutoa sauti ya kuanzia, kisha kila kundi, yaani soprano, alto, teno na besi, hujifunza njia yake peke yake. Baadaye sauti huunganishwa mbili mbili, halafu zote nne, na maneno huwekwa juu ya nota zilizokwisha kukaa vichwani. Walimu wengi wa kwaya nchini Tanzania wanaufahamu utaratibu huo, kwa kuwa wao wenyewe walifundishwa hivyo na bado hufundisha hivyo.

Sontonga aliandika nyimbo zake kwa nota hizo katika daftari la shule. Nyingi zilikuwa za huzuni, zikibeba mateso ya Waafrika wa Johannesburg aliowaona kila siku. Miongoni mwake ulikuwamo wimbo alioupa jina la Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao mwaka 1897 aliutungia ubeti wa kwanza na kiitikio. Ulikuwa sala fupi ya kuliombea bara baraka. Mahadhi yake hurudiarudia vifungu vilevile, na sauti nne zikitembea pamoja kwa utulivu. Wimbo wa namna hiyo haumchoshi mwimbaji anayefika mazoezini akitoka kazini, wala haumwachi nyuma asiyejua kusoma nota, kwa maana anaweza kuushika kwa kumsikiliza jirani yake.

Jambo jingine linalostahili kuzingatiwa ni upana wa sala hiyo. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 ulikuwa umeweka kanuni za mataifa ya Ulaya kuligawana bara la Afrika. Miaka 12 baada ya mkutano huo kumalizika, mwalimu huyu wa shule hakuliombea kabila lake, mji wake wala dhehebu lake peke yake. Alilitaja bara zima kama kitu kimoja, na akawafundisha watoto na wazazi wao kulitaja hivyo kwa sauti nne.

Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kuwekwa wakfu kwa Mchungaji Mboweni wa Kanisa la Methodisti. Oktoba mwaka huohuo, vita kati ya Waingereza na Makaburu vilianza, na havikumalizika hadi Mei 1902. Pamoja na misukosuko ya miaka hiyo, wimbo haukupotea. Kwaya ya Sontonga iliuimba katika maonesho sehemu mbalimbali za Johannesburg na hata Natal, na waongozaji wa kwaya nyingine waliousikia waliutaka. Kwa kuwa haukuwa umechapishwa, njia iliyokuwapo ni kuliazima daftari la mtunzi na kunakili, na Sontonga hakuwanyima. Leo mtunzi angehesabu nakala zilizouzwa. Yeye alihesabu daftari lililotoka na kurudi.

Tarehe 18 Aprili 1905 Enoch Sontonga alifariki dunia huko Johannesburg akiwa na umri wa takriban miaka 32. Hakuacha kitabu kilichochapishwa, na sauti yake haikuwahi kurekodiwa. Alichoacha ni mjane, mtoto na daftari. Waongozaji wa kwaya waliendelea kwenda kwa Diana kuziazima nyimbo za marehemu mumewe, naye akaendelea kuwapa. Hatimaye daftari lilifika mikononi mwa ndugu mmoja wa familia, na huko likapotea. Halijapatikana hadi leo. Nyimbo zilizokuwamo ambazo hakuna kwaya iliyozinakili zilipotea pamoja nalo.

Nkosi Sikelel' iAfrika uliokolewa na kwaya. Miongoni mwa zilizoubeba ni kwaya ya shule ya Ohlange huko Natal, iliyoasisiwa na John Dube, ambayo iliuimba katika matamasha yake mjini Johannesburg na kuufanya upendwe zaidi. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Kiafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, wimbo huo uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano, na Dube ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama hicho. Mwaka 1923 mwandishi na mwanasiasa Solomon Plaatje aliurekodi katika sahani ya santuri jijini London. Mwaka 1925 ANC iliufanya kuwa wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano, na mwaka 1927 mshairi wa Kixhosa Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba.

Kuanzia hapo wimbo ulivuka mipaka. Wachimbaji waliomaliza mikataba, wanafunzi, wahubiri na wapigania uhuru waliurejesha makwao, na kila mahali ukavishwa lugha ya wenyeji bila kubadilishwa mahadhi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mungu Ibariki Afrika, wenye maneno ya Kiswahili na mahadhi ya Sontonga, ndio uliokuwa Wimbo wa Taifa, na uliendelea kutumika baada ya Muungano na Zanzibar mwaka 1964. Zambia ilichukua mahadhi hayohayo na kuyatungia maneno yake. Zimbabwe iliutumia kwa lugha zake tangu uhuru wa mwaka 1980 hadi 1994, na Namibia nayo iliutumia kwa muda baada ya kupata uhuru mwaka 1990.

Wakati mataifa hayo yakiimba kwa uhuru, katika nchi ya mtunzi wimbo ulikuwa ukiimbwa katika mikutano ya kuupinga ubaguzi wa rangi na katika mazishi ya waliouawa katika mapambano. Mwaka 1994 Afrika Kusini huru iliutambua kuwa mmoja wa nyimbo zake mbili za taifa, na mwaka 1997 sehemu za nyimbo hizo ziliunganishwa kuwa wimbo mmoja.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuonesha mahali alipozikwa mtunzi. Ilifahamika kuwa alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, lakini kila waliotafuta jina la Sontonga katika rejista hawakuliona. Baadaye iligundulika kuwa aliandikwa kwa jina la Enoch pekee, katika sehemu iliyotengwa kwa Wakristo wa Kiafrika. Mtu ambaye wimbo wake ulikuwa ukiimbwa na mamilioni alikuwa amelala chini ya jina moja la ubatizo.

Kosa hilo lilisahihishwa tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi nchini Afrika Kusini. Kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, Rais Nelson Mandela akazindua mnara uliojengwa hapo, na Sontonga akatunukiwa nishani ya heshima ya taifa iliyopokelewa na mjukuu wake. Miaka 91 ilikuwa imepita tangu kifo chake.

Maisha ya Sontonga yanaonesha kwamba kazi ya mwongozaji wa kwaya haiishii siku ya tamasha. Watu wachache waliokusanyika jioni baada ya jioni, wakirudia kifungu kilekile hadi besi ikae mahali pake, ndio waliolifikisha bara zima kwenye wimbo mmoja. Vilevile, yanaonesha hasara inayotokana na kutotunza kumbukumbu. Wimbo mmoja ulipona kwa sababu wengi waliunakili; mingine ilizama kwa kuwa nakala yake ilikuwa moja.

Katika vigango, mitaa, shule na vyuo vya Tanzania yapo madaftari mengi yanayofanana na lile la Nancefield, yakiwa na nota za herufi zilizoandikwa kwa kalamu na walimu ambao baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele za haki. Mwalimu wa kwaya anayeandika jina kamili la mtunzi na mwaka wa utunzi juu ya kila wimbo, na kuhakikisha kuna nakala ya pili mahali pengine, anafanya kazi ambayo hakuna aliyemfanyia Enoch Mankayi Sontonga kwa wakati.