Egas Moniz: Mreno Aliyeifichua Mishipa ya Ubongo

Sisi watu wa mwambao tukitajiwa Mreno, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1593, na kwenye mizinga yake. Lakini yuko Mreno mwingine ambaye yafaa tumjue. Huyu alikuwa tabibu, na kazi yake inawafaa hadi leo watu waliopatwa na kiharusi.

Jina lake la kuzaliwa ni António Caetano de Abreu Freire. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1874 katika kijiji cha Avanca, kaskazini mwa Ureno. Jina la Egas Moniz alipewa kwa kumkumbuka shujaa wa karne ya 12, mlezi wa mfalme wa kwanza wa Ureno, yule aliyeuteka mji wa Lisbon kutoka kwa Waislamu mwaka wa 1147.

Kijana huyo alisomea udaktari Coimbra, kisha akaenda Ufaransa kujifunza maradhi ya neva. Mwaka wa 1911 akawa profesa huko Lisbon. Siasa nayo ilimvuta. Alikuwa mbunge, akawa balozi nchini Hispania, na mwaka wa 1918 akawa waziri wa mambo ya nje na kuuongoza ujumbe wa Ureno katika mkutano wa amani wa Paris. Baadaye aliipa siasa kisogo akarudia utabibu.

Alikuwa amepita umri wa miaka 50 alipoanza kazi iliyomletea sifa. Wakati huo eksrei ilionyesha mifupa vizuri, lakini ubongo ulio ndani ya fuvu haukuonekana. Daktari alibaki kubahatisha tu palipo na uvimbe. Moniz akafikiri kwamba dawa isiyopenywa na eksrei ikitiwa katika damu inayopanda kichwani, mishipa yote itachoreka kwenye picha kama mito katika ramani.

Kazi haikuwa nyepesi. Ugonjwa wa jongo ulikuwa umeilemaza mikono yake tangu ujanani, kwa hivyo aliyeshika sindano na kisu alikuwa msaidizi wake, Almeida Lima. Walijaribu kwanza kwa maiti na mbwa, ndipo wakaja kwa wagonjwa. Dawa ya kwanza, bromaidi ya strontiamu, haikufaa, na mgonjwa mmoja akafariki. Moniz alisimamisha majaribio, akabadili dawa. Tarehe 28 Juni 1927, kwa kutumia iodaidi ya sodiamu, mishipa ya ubongo wa kijana aliyekuwa na uvimbe ilionekana wazi. Mwezi uliofuata alipeleka habari hizo kwa madaktari wa Paris.

Na kiharusi je? Matabibu wa Kiislamu wa kale, Ibn Sina akiwa mmojawapo, waliuandika ugonjwa wa sakta, na huku kwetu wako waliosema ni upepo mbaya. Mwaka wa 1937 Moniz na wenzake walitangaza picha za watu waliopooza upande mmoja kwa sababu mshipa mkubwa wa shingoni umezibwa na damu iliyoganda. Kizuizi kilionekana katika mtu aliye hai, wala haikuwa lazima kungoja afe ndipo apasuliwe.

Lau angeishia hapo, jina lake lingebaki safi. Lakini mwaka wa 1935 alikuwa ameanzisha jambo jingine: kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kuwatuliza wenye wazimu. Baada ya wagonjwa 20 tu, na bila kuwafuatilia kwa muda wa kutosha, aliutangazia ulimwengu kuwa amefaulu. Haraka haraka haina baraka. Upasuaji huo ulienea, hasa Marekani, na maelfu ya watu wakaachwa baridi, hawana furaha wala huzuni. Kwa kazi hiyo ndiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1949, akishirikiana na Walter Hess wa Uswisi. Baadaye jamaa za waliodhurika walidai tuzo hiyo ifutwe.

Yeye mwenyewe alipigwa risasi na mgonjwa mwaka wa 1939, akapona. Alifariki Lisbon tarehe 13 Desemba 1955.

Kazi yake ya kwanza ilizidi kukua. Mwaka wa 1971 mashine ya Godfrey Hounsfield ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya kichwa kwa kompyuta huko London. Siku hizi mgonjwa wa kiharusi hupigwa picha kwanza ili ijulikane kama mshipa umepasuka au umeziba, kwani tiba ya huyu ni hatari kwa yule. Mshipa mkubwa ukiwa umeziba, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi kichwani na kulitoa bonge la damu. Mwaka wa 2015 utafiti wa nchi kadhaa ulithibitisha faida ya tiba hiyo, hasa katika saa 6 za kwanza. Mwaka wa 2018 ikadhihirika kwamba hata hadi saa 24 wako wanaoweza kufaidika, mradi picha ionyeshe kuwa sehemu kubwa ya ubongo wenye njaa ya damu bado haijafa.

Hapo ndipo tunapopata funzo la maisha ya Moniz. Alipotazama kwanza, alileta manufaa. Alipokata bila kujua vyema nani atafaidika na nani ataumia, alileta majuto. Nasi wajibu wetu ni mmoja. Ukiona mdomo wa mtu umekwenda upande, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito ghafla, usingoje kukuche. Mkimbize hospitali saa ile ile, kwani kila dakika inayopita sehemu ya ubongo hufa, na picha ikichelewa haitakuwa na la kuokoa.